Safari ya kuyatambua makombe ya kale: Dodoma, Kidugalo na bonde la Manonga

Simulizi hii imeandikwa baada ya kurejea nyumbani, kwa msaada wa daftari la safari, risiti na picha za simu. Shabaha yetu ilikuwa kuyapatia majina makombe ya kale, yaani magamba ya wanyama wa majini wa jamii ya chaza na wenzake, yaliyojaa katika boksi moja la karatasi, ambayo wakazi wa kawaida wa Dodoma wameyaokota kwa miaka mingi na kuyahifadhi madirishani na kwenye makopo ya maziwa ya unga, pasipo kujua yalikuwa ya kiumbe gani wala ya zama zipi. Waokotaji wenyewe ni mwalimu mstaafu wa fizikia, dereva wa lori, muuguzi aliyewahi kufanya kazi wilayani Igunga, na wanafunzi wawili wa sekondari. Hakuna miongoni mwao aliyesomea miamba, lakini macho yao ni makali, na kila walichokiokota kilistahili kuangaliwa kwa makini. Nilifuatana na huyo mwalimu mstaafu, ambaye mtaani kila mtu humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Ulikuwa mwezi wa Septemba, wakati vumbi limetawala na makorongo yamekauka.

Jumatatu: Dodoma, barazani kwa Mwalimu

Tulivimwaga vitu vyote juu ya mkeka, tukaanza kuvichambua. Katika utambuzi, kazi ya kwanza ni kuondoa visivyohusika, na katika boksi letu vilikuwa vingi. Yalitoka kwanza madonge ya chokaa, yale yanayojijenga ndani ya udongo wa nchi kame na ambayo wakati mwingine huwa ya mviringo kiasi cha kumfanya mtu aape kwamba ameokota kombe lililofumba. Donge la namna hiyo halina mistari ya ukuaji wala mshono unaotenganisha pande mbili. Yakafuata magamba meupe ya konokono wakubwa wa nchi kavu, ambayo ni ya kipande kimoja kilichojisokota, ilhali kombe lina vipande viwili vinavyoshikana kwenye bawaba.

Kisha tukafika kwenye kombe zito, jeupe, lenye mbavu nene, ambalo dereva aliliokota shambani karibu na Mpwapwa. Alikuwa ameshikilia kwa dhati kwamba ni ushahidi wa bahari kufika Mpwapwa hapo kale. Nililigeuza, nikalisafisha kwa mswaki mkavu upande wa ndani wa ukingo wa juu, na chini ya lenzi ya mkono ikajitokeza bawaba iliyonyooka, yenye safu ndefu ya meno madogo yanayolingana, yamepangana kama meno ya kitana. Bawaba ya aina hiyo ni alama ya jamii ya Anadara, makombe ambayo watu wa pwani huyaokota maji yanapokupwa na kuyala hadi leo. Gamba lenyewe lilikuwa bado na mng'ao kwa ndani, na hakuna chembe ya jiwe iliyogandamana nalo. Mpwapwa ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara ya karne ya 19, na kombe la baharini lingeweza kufika huko mkononi au shingoni mwa msafiri. Kwa hiyo tuliliandikia kikaratasi chake: si kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika katika mwamba), ni la baharini, limeletwa na watu. Dereva alilipokea jibu hilo kwa heshima, akaomba kombe lake libaki pamoja na mengine.

Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo linalowapotosha waokotaji wengi: wanatazama mgongo wa kombe, yaani mbavu, rangi na umbo, na kuliacha tumbo lake. Mbavu zinaweza kufanana kwa makombe yasiyo na undugu wowote. Bawaba, meno yake, makovu ya misuli iliyokuwa ikiyafunga magamba, na ule mstari hafifu unaoonyesha mahali nyama ya mnyama iliposhikamana na gamba, hivyo ndivyo vinavyotaja ukoo.

Jambo la pili ni mahali. Ardhi ya Dodoma imekaa juu ya itale na miamba iliyogeuzwa na joto, na mingi kati yake ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, ilhali makombe ya kwanza kabisa duniani yalitokea miaka milioni 500 na kidogo iliyopita. Basi kisukuku cha kombe la baharini kinachopatikana katika nyumba ya Dodoma lazima kimesafiri, na kazi ya mtambuzi ni kukirudisha kilikotoka.

Mchana tulipita makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambayo yako hapa Dodoma na huuza ramani za jiolojia za maeneo mbalimbali ya nchi. Kwa atakayefuata nyayo zetu: nunua ramani kabla ya kuondoka, kwa maana ukiwa porini na jiwe mkononi, ramani itakueleza zaidi kuliko kitabu cha picha. Vifaa vingine tulivyochukua ni lenzi ya kukuza mara 10, mswaki, rula, kalamu ya wino usiofutika, magazeti ya zamani, trei za mayai kwa ajili ya vipande vidogo, na udongo wa rangi wanaochezea watoto, ambao matumizi yake nitayaeleza. Nyundo tuliiacha nyumbani kwa makusudi, kwa kuwa hatukwenda kuchimba.

Jumanne: treni, daladala na pancha

Tulipanda treni ya SGR kwenda Morogoro. Treni hiyo ilipoanza safari za Dodoma mwezi Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, na anayeishia Morogoro hulipa pungufu ya hapo. Kata tiketi mapema na fika stesheni ukiwa na kitambulisho. Kuna stesheni pia Ngerengere, lakini si kila treni husimama hapo, nasi tuliyoipata haikusimama.

Kutoka Morogoro tulichukua daladala ya barabara kuu ya Dar es Salaam, tukashuka njia panda ya Ubena Zomozi, na hapo tukakodi bodaboda mbili hadi Ngerengere. Bodaboda ya Mwalimu ilipata pancha katikati ya njia. Kijana hakuwa na pampu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa chini ya mwembe alimtuma mwanawe nyumbani akaileta pampu ya baiskeli, kisha akatumenyea machungwa na kukataa katakata kupokea fedha, akisema, "Mzee hawezi kukaa juani mlangoni kwangu na kiu." Mwalimu alimshukuru kwa kumwonyesha mwanawe lenzi, na mtoto akaitumia kukagua kila kitu kilichokuwa karibu, kuanzia ganda la chungwa hadi kucha zake.

Tulilala Ngerengere kwenye nyumba ya wageni ya shilingi 15,000, wali maharage shilingi 2,500. Angalizo kwa wapiga picha: Ngerengere kuna kambi ya jeshi, hivyo weka simu mfukoni mpaka utakapokuwa umeondoka kabisa katika mji huo.

Jumatano: Kidugalo

Siku hii ndiyo niliyoingoja. Kidugalo ni stesheni ya reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Wanajiolojia waliokuja baadaye waliyapa matabaka ya hapa jina la stesheni yenyewe, na chokaa yake ni ya kipindi cha Jura ya Kati, takriban miaka milioni 170 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa ikiingia kwenye ukingo wa nchi ambayo sasa ni mashariki mwa Tanzania. Dereva wetu alifika huku kupakia ufuta, akaokota mawe matatu lori lilipokuwa likipakiwa.

Kabla ya kugusa chochote tulikwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji. Alikuwa kikaoni, tukangoja hadi karibu saa sita. Wakati tukingoja, walinzi wa ofisi walituletea chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, na mwenyekiti alipofika aliuliza maswali yenye maana: tunatafuta madini? tutachimba? mawe yatakwenda wapi? Tulijibu kila swali, tukaandika majina yetu kwenye kitabu cha wageni, naye akatupa kijana wa kutuongoza. Msafiri asiruke hatua hii. Si adabu tu, bali wanakijiji ndio wanaojua mawe yenye makombe yako wapi, kwa sababu wanayalima kila mwaka.

Kijana alitupeleka kwenye ukingo wa shamba ambako mawe ya chokaa yamekusanywa kupisha jembe. Nililowesha moja kwa maji ya chupa na kulitazama kwa lenzi: limejaa punje za duara zisizozidi milimita mbili, kila moja ikiwa na tabaka juu ya tabaka. Punje hizo hujengeka kwenye bahari yenye joto na kina kifupi, pale mawimbi yanapoviringisha chembe za mchanga sakafuni. Mwalimu alikaa juu ya rundo la mawe akayatazama kwa muda mrefu bila kusema, kisha akaniomba nimrudishie lenzi.

Katika mawe hayo makombe yanaonekana kwa namna mbili, na tofauti yake ina sababu ya kikemia. Chaza hujenga magamba yao hasa kwa madini ya kalsaiti, ambayo hudumu, kwa hiyo vipande vyao bado vina gamba halisi, zito, lenye tabaka zisizo na mpangilio na kovu moja la msuli kwa ndani. Makombe mengi mengine hutumia aragonaiti, ambayo huyeyuka kirahisi maji yanapopita ndani ya mwamba kwa mamilioni ya miaka. Gamba likishatoweka hubaki tundu lenye chapa ya nje, au tope lililogeuka jiwe ndani ya kombe, likiwa na sura ya upande wa ndani. Mwokotaji anayedhani ameshika kombe mara nyingi ameshika tope hilo.

Jiwe la kwanza la dereva lilikuwa la namna hiyo. Lina urefu wa sentimita sita na nusu, limevimba, pande zote mbili bado zimeshikana, lina mbavu chache zinazokatiza mistari ya ukuaji, na upande wake wa nyuma umeachama badala ya kufumba. Uwazi huo ni wa kawaida kwa makombe yanayoishi yamejizika topeni na kupitisha mrija wa kuvutia maji kwenda juu. Sura yote kwa pamoja ni ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Pholadomya, ambayo bawaba yake kwa hakika haina meno, kwa hiyo hapa mtu hana budi kutegemea umbo, mbavu na uwazi ule wa nyuma.

Jiwe la pili ndilo lililonipa furaha kubwa kuliko yote. Kwa nje lilikuwa kipande cha chokaa chenye tundu lisilo na sura. Nilipaka mafuta kidogo ndani ya tundu kwa ncha ya kidole, nikashindilia ule udongo wa watoto, nikauvuta taratibu. Ulipotoka ulikuwa umechukua sura ya bawaba: meno makubwa, manene, yaliyochanuka, na ubavuni mwa kila jino mifereji midogo iliyosimama sambamba. Watoto waliokuwa wakitutazama walipiga kelele, na Mwalimu akaniambia nirudie ili apate kupiga picha. Meno yenye mifereji namna hiyo ni ya ukoo wa Trigonia.

Nikawaeleza, tukiwa tumekaa kivulini, kwa nini ukoo huo una heshima ya pekee katika nchi yetu. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, ambako msafara kutoka Berlin ulichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, matabaka yenye mifupa yamepishana na matabaka ya baharini, na mawili kati ya hayo ya baharini yanatambulika kwa makombe ya ukoo huu. Moja lilijulikana kwa muda mrefu kama tabaka la Trigonia smeei, na sasa linaitwa kwa jina la Indotrigonia africana, baada ya wataalamu kuyalinganisha upya makombe hayo na kuona kwamba yanastahili jina jingine. Dinosaria wamepata umaarufu, lakini makombe ndiyo yaliyosaidia kupanga tabaka lipi limetangulia na lipi limefuata. Ukoo wenyewe haukutoweka wote: jenasi ya Neotrigonia ingali hai katika bahari ya Australia, na huko tu.

Kombe letu sikulipa jina la spishi. Bawaba inatosha kutaja ukoo, lakini spishi inahitaji pia urembo wa nje, na wa jiwe hili umepotea. Jiwe la tatu halikuwa kombe la jamii hii hata kidogo. Kombe la kawaida lina vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande peke yake kimeelemea upande mmoja, ilhali jiwe hili lilikuwa na vipande viwili visivyolingana ukubwa, na kila kimoja kinagawanyika katikati kwa ulinganifu kamili. Huyo ni brakiopodi, mnyama wa ukoo mwingine kabisa, na ndiye anayechanganywa na makombe mara nyingi kuliko wote.

Tuliondoka jua likielekea kuzama, tukiwa tumeacha kwa mwenyekiti karatasi yenye michoro ya vitu vitatu tulivyovitambua, kwa sababu alituomba ili aibandike ofisini.

Alhamisi

Kurudi Dodoma. Hakuna la kusimulia zaidi ya usingizi.

Ijumaa: Dodoma hadi Igunga

Tulikuwa stendi ya Nanenane saa 12 asubuhi. Basi lilijaa upesi, likaondoka kwa wakati, na hadi Manyoni mambo yalikwenda sawa. Huko tulinunua asali, chupa ya nusu lita kwa shilingi 6,000. Muuzaji hukuruhusu kuonja, nawe uonje kweli. Mbele kidogo ya hapo mkanda wa injini ulikatika, tukakaa kando ya barabara hadi fundi alipofika na mwingine. Abiria mmoja, dada aliyekuwa akirudi Singida na magunia ya vitenge, alifungua deli lake la chapati na kugawa kwa kila aliyekuwa karibu, akianza na wazee na watoto.

Singida tulikula ugali na kuku wa kienyeji, shilingi 8,000 kwa sahani, na kuku wa Singida ana haki ya sifa zake. Mkoa huu una Mahenge, ambako ziwa la kasoko (shimo la volkano) la takriban miaka milioni 46 iliyopita limeacha visukuku vya samaki vilivyohifadhika vizuri ajabu, lakini safari yetu ilikuwa ya makombe na muda haukuruhusu. Baada ya Misigiri barabara huteremka mlima Sekenke, kisha huingia kwenye tambarare ya Wembere, nchi pana isiyo na kilima. Tuliingia Igunga usiku.

Jumamosi: korongo la Manonga

Muuguzi alikuwa ametuandikia maelekezo mazuri kuliko ya waokotaji wote: jina la kijiji, zahanati, korongo lililo nyuma yake, na hata upande wa korongo alikookotea. Silitaji jina la kijiji hapa, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Tulikodi pikipiki mbili kwa siku nzima, shilingi 30,000 kila moja pamoja na mafuta. Udongo huku ni mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi umepasuka na unapitika, na mvua zikianza haupitiki kabisa, hivyo panga safari kati ya Juni na Oktoba.

Mzee tuliyemkuta akichunga ng'ombe karibu na korongo tulimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," naye akacheka kwa furaha, akaitikia, kisha akatubadilishia lugha ili tuelewane. Alimtuma mjukuu kumwita mwenyekiti wa kitongoji, na wakati tukimngoja tuliletewa matobolwa na maziwa mgando. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na kwa safari ndefu sijaona chakula bora zaidi, kwa maana hakiharibiki na kinashibisha.

Matabaka ya bonde hili yana umri unaokaribia miaka milioni tano, kwa hiyo ni machanga sana yakilinganishwa na yale ya Kidugalo, na ni ya maji baridi, mabaki ya ziwa na vinamasi vilivyoenea hapa zamani. Watafiti walioongozwa na Terry Harrison walifanya kazi humu miaka ya 1990 na kupata mifupa ya wanyama wengi, samaki na moluska, yaani konokono na makombe. Ukishuka korongoni huoni chokaa yoyote ya baharini, bali udongo wa mfinyanzi wa kijivu na wa kijani, na makombe yametapakaa chini ya kingo baada ya mvua kuyaosha.

Hapa utambuzi una mtego wake. Makombe ya leo ya mtoni huchanganyika na ya kale, na kwa mbali yote ni meupe. Tuliyatofautisha hivi: la leo mara nyingi bado lina ngozi ya kahawia upande wa nje, angalau ukingoni, na ni jepesi, la kale halina ngozi hiyo, na ndani yake kumegandamana udongo uleule wa ukingo ambao mswaki hauuondoi. Baada ya hapo tukarudi kwenye bawaba. Makombe mawili ya muuguzi, ambayo kwa nje yalifanana kwa urefu na umbo la yai, yalitengana mara moja: moja lilikuwa na meno mafupi yenye makunyanzi chini ya kilele na jino refu linalofuata ukingo, nasi tukaliweka karibu na jenasi ya Coelatura, la pili lilikuwa na bawaba laini isiyo na jino hata moja, sawa na makombe ya jenasi ya Chambardia, ambayo wengine hudhani yamevunjika meno. La tatu, dogo lenye pembe tatu, lilikuwa na meno matatu ya katikati na marefu mawili ya pembeni yaliyochongeka kama msumeno, alama ya Corbicula. Yale mawili ya mwanzo yana mng'ao wa lulu ndani hata leo, na vilele vyao vimelika, jambo la kawaida kwa makombe ya maji baridi, kwa kuwa maji hayo huweza kuwa na asidi ya kutosha kuliguguna gamba mnyama angali hai.

Mwenyekiti aliuliza kama makombe haya yanaweza kuwaambia lolote kuhusu maji ya kale. Yanaweza. Watoto wa makombe ya jamaa ya Coelatura huanza maisha yao wakiwa wameng'ang'ania mwilini mwa samaki, kwa hiyo palipo na makombe hayo palikuwa na samaki, na palikuwa na maji ya kudumu, si dimbwi la msimu. Alitafakari, akatazama korongo kavu, akasema babu yake alikuwa akisimulia habari za samaki hapo na yeye hakuamini.

Karibu na kona ya korongo tuliona mfupa umechomoza. Hatukuugusa. Tuliupiga picha pamoja na rula, tukaandika mahali kwa kutumia simu, tukamwonyesha mwenyekiti, na taarifa tukaipeleka kwa wahusika. Urithi wa namna hii unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kuchimba kunahitaji leseni, na utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hiyo ndiyo sababu ya kulificha jina la kijiji. Makombe ya muuguzi tulikuja nayo kuyalinganisha tu, na kutoka korongoni hatukuondoka na kitu zaidi ya picha: kila kombe kwa nje, kwa ndani, kwa ubavu, na bawaba peke yake kwa karibu, mwanga wa asubuhi ukitoka pembeni ili meno yatupe vivuli.

Jumapili na Jumatatu: kurudi na kuandika vikaratasi

Njia ya kurudi ilikuwa tulivu. Jumatatu jioni waokotaji wote walikutana barazani kwa Mwalimu, na kila kombe likapata kikaratasi chenye mahali, tabaka kama linajulikana, jina la mwokotaji, na utambuzi wetu kwa kiwango tulichokuwa na hakika nacho. Palipokuwa na jenasi bila spishi tuliandika "sp." baada ya jenasi, palipokuwa na mfanano bila uhakika tuliandika "cf.". Muuguzi alisoma kikaratasi chake mara kadhaa na kuuliza meno ya Corbicula ni yapi hasa, hadi alipoyaona mwenyewe kwa lenzi. Dereva ameanza kubeba daftari kwenye lori.

Lipo kombe moja lililobaki bila maelezo, na ndilo zuri kuliko yote: chaza mnene wa ukubwa wa kiganja, gamba lote lipo, kovu la msuli linaonekana waziwazi. Liliingia katika boksi kupitia wanafunzi, waliopewa na babu yao anayeishi Kilosa, na hawakumuuliza alilipata wapi. Bila mahali, chaza huyo anaweza kuwa wa Jura au wa zama za karibu zaidi, kwa maana chaza hubadilika umbo kufuata jiwe alikoshikamana na umbo lake peke yake halitoshi. Kikaratasi chake kinasema "jamii ya chaza, mahali hapajulikani", na chini yake pameachwa nafasi. Wanafunzi wanakwenda Kilosa likizo ya Desemba, na swali la kumuuliza babu wameshaliandika.